Bia inalipa kodi, mgonjwa anapata nini?

Ukitaka kujua Mtanzania anaisikilizaje bajeti, kaa kaunta siku Waziri wa Fedha anapoisoma Dodoma. Hotuba ina ukuaji wa uchumi, ina nakisi, ina deni la taifa, na watu wanaendelea na mazungumzo yao ya mpira. Waziri akifika kwenye ushuru wa bidhaa, mtu mmoja anaomba sauti ya televisheni iongezwe. Bia imepanda? Sigara je? Kesho yake kuna mwenye baa ameshafuta bei ya zamani ubaoni, ilhali Sheria ya Fedha yenyewe haijapigiwa hata kura.

Mgeni anaweza kudhani huo ni ulevi wa taifa zima. Mimi naona ni watu wanaojua hesabu. Kodi ya mapato inakatwa ofisini, VAT imejificha ndani ya bei ya sabuni, lakini ushuru wa bia mtu anaulipa kwa mkono wake, akiwa amekaa, na kila ukipanda anajua umepanda kwa kiasi gani. Asichokijua ni ulikokwenda. Kwa miaka yote jibu la kisheria limekuwa fupi: Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Huko fedha ya bia inachanganyika na fedha nyingine zote, inalipa mishahara, barabara, riba ya madeni na posho za semina. Hakuna mtu awezaye kumwonyesha mnywaji kitanda cha hospitali, chupa ya dripu au nesi na kumwambia: hiki kimetokana na wewe.

Hali hiyo ilianza kutikisika Novemba 2023, Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada wake ulikuwa umekwama mwaka mzima kabla ya hapo, na kilichoukwamisha hakikuwa falsafa. Wabunge waliuliza swali ambalo mama yeyote wa nyumbani angeliuliza: asiye na uwezo atalipiwa na nani, kwa fedha ipi? Wakati huo Watanzania wenye bima ya afya ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15. Sheria iliyopita ikaanzisha mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, na kati ya vyanzo vyake ikataja vileo, soda na vipodozi.

Kisha ikaja Januari 20, 2025. Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na nchi ambazo kwa miaka zaidi ya 20 zilikuwa zikitegemea fedha hizo kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zikajikuta zinahesabu makopo stoo. Juni mwaka huo, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alileta bungeni nyongeza ya ushuru kwenye vileo pamoja na tozo nyingine kadhaa, na akatamka wazi fedha hizo zinakwenda wapi: Mfuko wa Udhibiti wa UKIMWI, na Bima ya Afya kwa Wote. Ilikuwa moja ya mara chache sana kwa mnywaji kuambiwa jina la mgonjwa anayemchangia.

Naiunga mkono nyongeza ile, na ningeunga mkono kubwa zaidi, hasa kwenye sigara na pombe kali. Lakini kupandisha kodi ya bia ni kazi ya dakika tano, kila waziri ameiweza. Kazi ngumu ni mbili zinazofuata: kuipanga kodi isiwe na mianya, na kuilinda fedha mpaka imfikie mgonjwa. Sijaona nchi iliyozifanya zote mbili hadharani, ikafaulu, kisha ikajikwaa hadharani vilevile, kama Ufilipino.

Kura kumi kwa tisa

Kabla ya mwaka 2012, sigara Ufilipino zilitozwa kwa madaraja manne kulingana na bei. Hilo peke yake lilikuwa tatizo, maana mvutaji aliyebanwa na kodi alishuka daraja, akavuta ya bei rahisi, maisha yakaendelea. Lakini kulikuwa na kifungu kingine cha ajabu zaidi. Chapa zilizokuwa sokoni mwaka 1996 ziliandikwa kwenye sheria kwa bei zake za mwaka ule, na daraja lake likaganda hapo. Sigara ikipanda bei dukani, kwa mtoza kodi bado ilikuwa mwaka 1996. Chapa mpya inayoingia sokoni ililipa kodi ya bei ya leo. Ya zamani ililipa kodi ya bei ya enzi hizo. Aliyekitunga kifungu kile alijua anawafanyia kazi akina nani.

Rais Benigno Aquino III alipotaka kuyafuta yote hayo, kilichofuata ni vita. Mikoa ya kaskazini ya Luzon, Ilocos hasa, inalima tumbaku, na wabunge wake walikuwa kundi moja. Kwenye Seneti, muswada ulipitia kamati ya mapato iliyoongozwa na Ralph Recto, ambaye alitoka na toleo lililopunguzwa makali kiasi kwamba kelele za madaktari na vyama vya wagonjwa zilimfanya aachie uenyekiti Oktoba 2012. Seneta Franklin Drilon akachukua nafasi, akaupandisha tena. Toleo la mwisho lilipita Seneti kwa kura 10 dhidi ya 9. Aquino alitia saini Desemba 20, 2012. Yakumbukeni majina haya, kwa sababu mmoja wao atarudi kwenye makala hii.

Tarehe mosi Januari 2013, kodi ya pakiti ya sigara ya bei ya chini kabisa ilitoka peso 2.72 hadi peso 12. Haikuishia hapo. Sheria ilikuwa imeandika mapema kila mwaka utakuwaje: 17, halafu 21, halafu 25, mpaka mwaka 2017 sigara zote, ya bwana na ya kibarua, zikakutana kwenye peso 30 kwa pakiti. Kuanzia hapo kodi ingepanda yenyewe kila mwaka bila waziri kuomba ruhusa. Bia nayo iliunganishwa kwenye kiwango kimoja. Hapo ndipo ninapowaonea wivu: kampuni ilijua miaka mitano mbele itatozwa nini, na mbunge hakuwa na sababu ya kupigiwa simu na mtu wa kampuni kila mwaka.

Upande wa matumizi sheria ilikuwa ya wazi hivyo hivyo. Sehemu ya ongezeko lililotokana na tumbaku, asilimia 15, irudi kwa mikoa inayolima tumbaku ili mkulima asaidiwe kuhamia zao jingine. Kinachobaki kigawanywe: asilimia 80 kwa bima ya afya ya maskini na malengo ya afya ya taifa, asilimia 20 kwa matibabu ya wasio na uwezo na ujenzi wa vituo.

Mwaka wa kwanza serikali ilitegemea nyongeza ya peso bilioni 34 hivi. Ilipata zaidi ya bilioni 51. Bajeti ya wizara ya afya, ambayo mwaka 2012 ilikuwa takriban peso bilioni 42, ilivuka bilioni 120 mwaka 2016. Familia maskini zilizolipiwa bima na serikali zilitoka milioni 5 na kitu zikapita milioni 14 ndani ya muda mfupi. Na uvutaji? Watu wazima wanaotumia tumbaku walikuwa karibu asilimia 30 mwaka 2009. Mwaka 2015 walikuwa karibu 24, na mwaka 2021 wakashuka chini ya 20. Wale wanaosema kodi ya sigara haipunguzi uvutaji, bali inamkamua tu mvutaji, wana namba hizo za kujibu.

Ini halijui Hombolo

Sasa turudi nyumbani tuangalie madaraja yetu, maana tunayo.

Tanzania inatoza sigara kwa idadi, kwa kila vijiti elfu moja, na hilo ni jambo jema. Kodi ya idadi haichezewi kirahisi kama kodi ya thamani, ambayo kampuni inaweza kuipunguza kwa kutangaza bei ndogo ya kiwandani. Lakini viwango vyetu vimegawanyika. Kipo cha sigara isiyo na kichungi yenye tumbaku ya ndani zaidi ya asilimia 75. Kipo cha yenye kichungi na tumbaku hiyo hiyo. Halafu kipo cha nyingine zote. Mwaka wa fedha 2017/18, kwa mfano, viwango hivyo vilikuwa shilingi 12,447, shilingi 29,425 na shilingi 53,235 kwa vijiti elfu. Yaani kijiti kisicho na kichungi kililipa chini ya shilingi 13, na kile cha kundi la juu kililipa zaidi ya shilingi 53. Ukiuliza sababu ya kiafya ya tofauti hiyo, hakuna. Sigara isiyo na kichungi si dawa.

Mvinyo ni hivyo hivyo. Katika bajeti ile ile ya 2017/18, mvinyo wa zabibu za ndani ulitozwa shilingi 200 kwa lita, wakati wenye zabibu nyingi za nje ulitozwa shilingi 2,349. Naelewa nia, na mkulima wa zabibu wa Dodoma namheshimu. Ila ini la mnywaji halijui kama zabibu ilitoka Hombolo au Bordeaux. Tukitaka kumsaidia mkulima wa zabibu, zipo njia: pembejeo, soko, mkopo, kiwanda. Kumpitishia msaada kwenye punguzo la kodi ya kileo ni kuifanya wizara ya fedha imwage kile ambacho wizara ya afya inajaribu kuchota.

Ufilipino waliwahi kuufuata mtindo huo kwenye pombe kali. Iliyotengenezwa kwa miwa au mnazi wa nyumbani ililipa kidogo sana, na ya nje ililipa mara nyingi zaidi. Marekani na Umoja wa Ulaya zikawashtaki Shirika la Biashara Duniani, na mwishoni mwa 2011 chombo cha rufaa cha shirika hilo kikaamua dhidi yao. Wapo wanaosema hukumu ile ilisaidia kuwasukuma kwenye kiwango kimoja mwaka uliofuata. Nasi tusisubiri kushtakiwa.

Kenya wamejaribu njia nyingine, na kwenye karatasi ni ya kisasa kuliko yetu. Desemba 2024 walibadilisha sheria ili pombe itozwe kulingana na kiasi cha kilevi halisi kilichomo: shilingi 22.50 za Kenya kwa kila sentilita ya kilevi kwa bia, shilingi 10 kwa pombe kali. Wazo la kutoza kilevi badala ya maji ni zuri kabisa. Lakini tazama namba zenyewe. Kilevi kile kile kikiwa ndani ya chupa ya pombe kali kinalipa chini ya nusu ya kinacholipwa kikiwa ndani ya bia. Kijana wa Githurai mwenye shilingi mia mbili atafanya hesabu hiyo haraka kuliko waziri.

Jagi la keg na chang'aa

Hofu kubwa ya kila serikali inayotaka kupandisha kodi hizi ni magendo na pombe ya sumu, na Kenya ndiyo yenye kisa kinachosimuliwa zaidi. Mwaka 2004 ilianzishwa bia ya bei nafuu, Senator Keg, kwa msamaha wa ushuru, kwa hoja kwamba mnywaji wa chang'aa apewe kitu salama anachoweza kukimudu. Mwaka 2013 serikali, ikiwa na njaa ya mapato, ikaitoza ushuru wa asilimia 50. Bei ya jagi ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mei 2014 pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa. Mwaka 2015 sehemu kubwa ya msamaha ikarudishwa.

Watu wa viwanda vya bia hukipenda sana kisa hiki. Nakichukulia kwa uzito, lakini sikimezi kizima. Chang'aa yenye methanoli ilikuwa ikiua Kenya tangu kabla ya keg kuzaliwa, na imeendelea kuua baada ya msamaha kurudi. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga. Anayeua ni yule anayemimina kemikali ya viwandani kwenye pipa, na polisi anayejua pipa lilipo. Kisa cha keg kinafundisha jambo jembamba zaidi: usipandishe kodi ya kinywaji cha maskini kwa ghafla ilhali pombe haramu ya jirani yake inauzwa bila woga.

Kwetu gongo imepigwa marufuku kwa sheria maalumu tangu miaka ya 1960, sheria inayoitwa ya Moshi, na kila mtu anajua gongo inapatikana wapi mtaani kwake. Mbege, ulanzi, wanzuki na komoni havipiti kiwandani wala kwa mtoza ushuru. Kwa hiyo kodi ya vileo, hata ikipangwa vizuri vipi, inagusa sehemu tu ya unywaji wa nchi hii. Ni kweli, na ni sababu ya kuwa na kiasi katika ahadi tunazotoa kwa jina la bia. Si sababu ya kuacha kutoza. Hata marufuku ya viroba ya Machi 2017, ambayo iliwaliza wengi wenye viwanda, haikuhamishia kila mnywaji wa kiroba kwenye gongo. Vijana waliokuwa wakibeba pakiti tatu mfukoni stendi asubuhi hawakuweza kubeba chupa namna hiyo.

Kwa sigara mambo ni mepesi zaidi, maana magendo ya sigara ni suala la stempu na mipaka. TRA ilianza kutumia stempu za kielektroniki Januari 2019, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu. Wakenya wana yao. Stempu nazo hughushiwa: Ufilipino, baada ya kodi kupanda, kampuni ndogo ya Mighty ilianza kula soko kwa sigara za bei ya kutupa, na mwaka 2017 maghala yake yakakutwa na pakiti zenye stempu bandia. Yaliisha kwa kulipa serikali peso bilioni 30, na kampuni ikanunuliwa na Japan Tobacco, jina ambalo hapa Dar es Salaam si geni, kwa kuwa ndilo lenye hisa nyingi za Kampuni ya Sigara Tanzania. Kwa maneno mengine, stempu ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekwenda kufungua maghala.

Maskini ndiye atakayelipa

Hoja inayonikosesha raha kuliko hiyo ya magendo ni ya haki. Tajiri akiongezewa shilingi mia kwenye bia hajui. Kibarua anajua. Na mraibu wa pombe ambaye hawezi kuacha hatapunguza chupa. Atapunguza unga wa nyumbani. Anayelipa kodi hapo ni mkewe na watoto. Wataalamu hujibu kwamba maskini ndio hupunguza matumizi zaidi bei ikipanda, na kwa jumla ni kweli. Ila jumla haimlishi mtoto wa yule ambaye hakupunguza.

Jibu la kweli lipo kwenye mahali fedha inapoishia. Kaya ya watu sita ilikuwa ikijiunga na mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Tuweke bia moja kwa shilingi 2,000 ili hesabu iwe rahisi: chupa kumi na tano zilikuwa bima ya kaya nzima kwa mwaka, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Iwapo ushuru wa wanywaji wa kata moja unarudi kama kadi za bima za kaya maskini za kata ile ile, basi yule mama amerudishiwa kitu, na kadi hiyo haina harufu ya pombe. Usiporudi, basi serikali imekaa meza moja na mumewe.

Na kuna mgonjwa mwingine anayesahaulika kabisa katika mjadala huu, mlevi mwenyewe. Mtumiaji wa heroini ana kliniki ya methadoni Muhimbili tangu mwaka 2011, na baadaye mikoani. Mwenye uraibu wa pombe ana maombi, vikao vya ukoo na kufungiwa ndani na kaka zake. Tunachukua kodi yake kila jioni kwa miaka ishirini, ini likianza kugoma tunamwambia alijitakia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na tumbaku huua zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Wengi wa hao walikuwa walipa kodi wazuri sana.

Wamisri walifanya jambo ambalo limenivutia kwa wepesi wake. Tangu mwaka 1992 kila pakiti ya sigara nchini mwao ilitozwa piasta 10 kwa ajili ya bima ya afya ya wanafunzi. Mvutaji wa Cairo aliyenunua pakiti alimlipia mtoto wa shule. Linganisha na Toto Afya Kadi yetu, iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ulisitishwa na wazazi wakaelekezwa shuleni, kwa sababu mfuko ulikuwa ukielemewa: wengi waliomkatia mtoto kadi ni waliokuwa na mtoto ambaye tayari anaumwa. Bima ya namna hiyo haiwezi kusimama kwa michango ya wazazi wa wagonjwa peke yao. Inahitaji fedha ya nje ya michango hiyo, na sigara ya Kisutu ingeweza kuwa fedha hiyo.

Na mkulima wa Urambo?

Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa tumbaku Afrika. Tabora, Katavi, Kahama, Chunya na Ruvuma kuna vijiji ambavyo shule, nyumba ya bati na pikipiki ya kwanza vilitoka kwenye tumbaku. Kuna pia misitu ya miombo iliyokwisha kwenye mabani ya kukaushia, na watoto wanaotapika msimu wa kuvuna kwa sababu nikotini ya majani mabichi huingia mwilini kupitia ngozi. Wote wawili, mwenye pikipiki na mtoto anayetapika, wanaweza kuwa wa nyumba moja.

Sehemu kubwa ya tumbaku yetu huuzwa nje, kwa hiyo kodi ya sigara za Manzese haimfilisi mkulima wa Kaliua kama baadhi ya wabunge wanavyopenda kusema. Bei yake inaamuliwa mbali. Lakini anastahili sehemu ya fedha hii, kama mkulima wa Ilocos alivyopewa asilimia 15, na apewe kupitia chama chake cha ushirika, AMCOS, kwa zao jingine lenye mnunuzi wa uhakika, si kwa semina ya siku mbili. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na mkataba ule unataka wakulima watafutiwe njia mbadala. Ni vigumu kumwambia mtu wa Urambo tunamtafutia njia mbadala kwa fedha ambayo haijawahi kuwa na fungu lake.

Recto amerudi

Nilisema jina moja lingerudi. Mwaka 2024 Ralph Recto, yule aliyeachia kamati ya Seneti miaka 12 nyuma, alikuwa Waziri wa Fedha wa Ufilipino. Wizara yake iliagiza shirika la bima ya afya, PhilHealth, lihamishie Hazina peso bilioni 89.9 zilizoitwa ziada, zikagharimie miradi mingine. Ziada, kwenye nchi ambayo bado mgonjwa hujilipia sehemu kubwa ya matibabu. Zilipelekwa kwa mafungu. Bilioni 60 zilikuwa zimeshaondoka Oktoba 2024, Mahakama ya Juu ilipozuia fungu lililobaki baada ya wananchi kufungua kesi. Mwishoni mwa 2025 mahakama hiyo iliamua kwamba uhamisho ule ulikuwa kinyume cha katiba, na bilioni 60 zikaamriwa zirudi.

Moja ya hoja za walalamikaji ilikuwa hii: fedha ya bima ya maskini inatokana na kodi ya sigara na pombe, na sheria imeshaitaja kazi yake. Waziri hana mamlaka ya kuiita ziada. Kwa hiyo hata kura kumi kwa tisa, hata asilimia zilizoandikwa, hata madaktari waliojaa Seneti, havikutosha kuilinda fedha kwa miaka 12. Ililindwa na watu waliokuwa wakiihesabu.

Kenya nako, kanuni za mwaka 2014 ziliitaka kila kampuni ya tumbaku ichangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zake kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Kampuni zikaenda mahakamani, zikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu, iliyotupa rufaa Novemba 2019. Miaka mitano, kwa asilimia 2.

Kuna jambo moja zaidi la kusema kweli. Fedha hii ina kasoro ya kuzaliwa: kodi ikifanya kazi yake, wavutaji wanapungua na mapato yanapungua. Ufilipino walikusanya karibu peso bilioni 176 kwenye tumbaku mwaka 2021, na miaka miwili baadaye kama 135, sehemu kwa sababu ya magendo, sehemu kwa sababu ya sigara za umeme ambazo sheria ya mwaka 2022 ilizilegezea masharti. Waziri wa afya anayetegemea bia kulipa bima atajikuta siku moja anawaombea wanywaji afya njema. Ndiyo maana kodi hizi zianzishe bima ya maskini na kuisukuma, lakini sehemu ya uhakika itoke kwenye bajeti ya kawaida. Azimio la Abuja la mwaka 2001, ambalo nasi tulishiriki, liliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hiyo ahadi haijalipwa na chupa yoyote.

Ombi langu kwa Kamati ya Bunge ya Bajeti ni dogo. Kila robo mwaka itolewe taarifa moja ya ukurasa mmoja: kiasi kilichokusanywa kwenye bia, mvinyo, pombe kali, sigara na soda kwa ajili ya afya, kiasi kilichofika kwenye Mfuko wa Udhibiti wa UKIMWI na kwenye Bima ya Afya kwa Wote, na kaya ngapi zililipiwa, wilaya kwa wilaya. Mkaguzi Mkuu aikague kama anavyokagua halmashauri. Serikali ya kijiji, yenye mtendaji mmoja na daftari moja, inatakiwa kubandika mapato na matumizi yake kwenye ubao kila miezi mitatu. Hazina ina wahasibu wengi kuliko kijiji chochote.